Viti vya Kanisa na Nasaba za Watu: Richard Gough na Tarihi ya Parokia ya Myddle

Utangulizi

Makala haya yanachunguza kitabu ambacho wahakiki wa fasihi wamewaachia wanahistoria, na ambacho wanahistoria nao, kwa muda mrefu, wamekifanya ghala la kuchotea majina na tarehe bila kuijali sana sauti ya aliyekiandika. Kitabu chenyewe ni historia ya Myddle, parokia ya mashambani iliyoko kaskazini ya mji wa Shrewsbury, katika kaunti ya Shropshire, upande wa Uingereza unaokaribiana na Wales. Mwandishi wake, Richard Gough, alizaliwa mwaka 1635 katika kitongoji cha Newton on the Hill, ndani ya parokia hiyo hiyo, akaishi humo karibu umri wake wote, na akafa mwaka 1723. Aliiandika kazi yake baina ya mwaka 1700 na 1702, akiwa mzee wa miaka 65 na ushei, aliyekwisha kuwazika wengi wa watu aliokuwa akiwasimulia.

Gough hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alisoma kwa walimu wa pale pale mashambani, akajifunza Kilatini cha kumtosha kunukuu washairi wa Kirumi alipotaka, kisha akafanya kazi ya ukarani kwa Robert Corbet wa Stanwardine, bwana mwenye ardhi aliyekuwa pia hakimu. Kazi hiyo ilimfungulia milango miwili. Kwanza, alizoea kusoma hati za umiliki na mikataba. Pili, alisikia kesi za majirani zake zikielezwa na kupingwa. Atakayekisoma kitabu kwa makini ataiona alama ya ukarani huo katika kila ukurasa, hasa katika tabia ya Gough ya kututajia ni nani aliyemwambia jambo, au ni hati gani aliyoiona kwa macho yake.

Hoja yetu ni kwamba umbo la kitabu hiki ndilo maana yake. Ukiyaondoa masimulizi kutoka katika mpangilio aliyoupa mwandishi, unabakia na vichekesho na visa vya mauaji. Ukiyaacha mahali pake, unapata nadharia nzima ya historia ambayo mwandishi hakuitangaza kama nadharia.

Kanisa kama ramani

Kazi ya Gough ina sehemu mbili. Ya kwanza, aliyoiandika mwaka 1700, inafuata desturi ya waandishi wa mambo ya kale wa zama zake: mipaka ya parokia, vitongoji vyake kama vile Marton, Alderton, Balderton, Houlston na Newton, misitu, maziwa madogo, ngome iliyobomoka, makasisi waliotangulia. Humo anamtaja Humphrey Kynaston, mtu wa ukoo mkubwa aliyetangazwa mhalifu mwaka 1491 na ambaye wenyeji walimsimulia kuwa aliishi pangoni huko Nesscliffe na kumrusha farasi wake juu ya mto Severn. Ni sehemu yenye faida, ila waandishi wengine kadhaa wa Kiingereza wa wakati ule wangaliweza kuiandika.

Sehemu ya pili haina mfano wake. Gough anachora mpangilio wa viti vya kanisa la Myddle, kisha anakipitia kiti kimoja baada ya kingine, safu kwa safu, akieleza kila kiti ni cha nyumba gani, na nyumba hiyo imepitia mikononi mwa akina nani, walioa wapi, walizaa wangapi, walifilisika vipi. Msomaji anatembezwa kanisani kama mgeni anayeonyeshwa jamaa za mahali, isipokuwa kwamba waliokaa viti hivyo wengi wao wamekufa.

Kwa nini viti? Jibu la haraka ni kwamba paliwahi kuzuka ugomvi baina ya wanaparokia wawili, John Downton wa Alderton na William Formeston wa Marton, juu ya haki ya kukaa katika kiti fulani, na Gough aliuona ugomvi huo kuwa sababu ya kutosha ya kuandika ili watakaokuja wapate pa kurejelea. Lakini jibu hilo halitoshi mpaka tuelewe kiti kilikuwa nini. Katika kanisa la Kiingereza la karne ya 17, kiti hakikuwa mahali pa kupumzisha mwili tu. Kilifungamana na nyumba na shamba. Aliyenunua au kupanga shamba alipata na kiti chake, aliyeuza alikipoteza. Mbele walikaa mabwana wenye milki, nyuma yao wakulima wa mashamba makubwa, na mwishoni kabisa, karibu na ukuta na mlango, wenye vibanda. Kila Jumapili parokia nzima ilijipanga mbele ya macho yake yenyewe, na kila mmoja aliona ni nani amepanda na nani ameshuka. Kwa hiyo aliyeandika historia ya viti alikuwa akiandika historia ya ardhi, ya vyeo na ya fedheha, na alikuwa akiiandika kwa ufunguo ambao kila mkazi wa Myddle aliuelewa bila kuelezwa.

Tarihi tulizozizoea sisi wanafunzi wa fasihi ya pwani, ile ya Pate ikiwa mfano ulio wazi, hufuata orodha ya watawala: fulani alitawala miaka kadhaa, akafa, akashika fulani. Wakati ndio uti wa mgongo wake. Kwa Gough, uti wa mgongo ni mahali. Anaweza kuanza na mtu aliyekufa miaka 100 kabla yake na kuishia na kijana anayemwona leo asubuhi, kwa sababu wote wawili walikaa ubao mmoja. Akihamia kiti cha pili anarudi tena nyuma miaka 100. Matokeo yake ni kwamba karne moja ya historia inasimuliwa upya mara kadhaa wa kadhaa, kila mara kutoka pembe nyingine ya kanisa. Baadhi ya wasomaji wamelalamika kwamba kitabu hakina mpango. Tunadhani walikuwa wakiutafuta mpango wa aina moja tu.

Maisha matatu

Kuna jambo la kisheria ambalo mhakiki hawezi kuliruka hapa, kwani linaeleza kwa nini watu wa Myddle walijuana kwa undani kiasi kile. Bwana mkubwa wa ardhi katika sehemu hizo alikuwa Earl wa Bridgewater, na njia iliyoenea ya kupangisha mashamba ilikuwa mkataba wa maisha matatu. Mpangaji alilipa fedha nyingi mwanzoni, kisha kodi ndogo kila mwaka, na mkataba ukaendelea maadamu mmoja wa watu watatu waliotajwa ndani yake yungali hai. Kwa kawaida watu hao walikuwa mpangaji mwenyewe, mkewe na mtoto wao. Akifa mmoja, familia ilijitahidi kununua nafasi ya jina jingine. Wakifa wote watatu kabla fedha hazijapatikana, shamba lilirudi kwa bwana.

Fikiria maana yake. Umri wa jirani, kikohozi cha mkewe, mtoto aliyekwenda London na ambaye habari zake hazijasikika: yote haya yalikuwa habari za mali. Tunapomwona Gough anakumbuka nani alikuwa nduguye nani na nani alikufa kabla ya nani, tusidhani kwamba ni mzee mpenda soga aliyekosa shughuli. Nasaba ilikuwa hesabu ya watu wote. Ule ujuzi wa familia ambao leo mtu huusaka kwa kuzifukua nyaraka, wakati ule ulikuwa midomoni mwa watu, na ulikuwa na thamani ya fedha taslimu.

Ni vyema pia kulinganisha ujuzi huo na ule wa madaftari. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia ya Uingereza iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Amri hiyo imewafaa watafiti wasiohesabika. E. A. Wrigley na R. S. Schofield waliyatumia madaftari ya parokia 404 katika uchunguzi wao mkubwa wa idadi ya watu wa Uingereza, uliotolewa mwaka 1981, na bila kazi yao tusingejua mengi juu ya umri wa kuoa au ukubwa wa vifo. Hata hivyo daftari humwona mtu siku tatu tu: anapotiwa maji, anapooa, anapofukiwa. Baina ya siku hizo daftari halina neno. Gough anaandika yaliyo baina.

Mbwa, kunguru na mwizi wa kuni

Tuangalie sasa namna anavyosimulia. Katika kiti cha jamaa ya Elks wa Marton, Gough anasitisha orodha ya kurithiana na kutueleza habari za Hugh Elks. Huyu alipata habari kwamba jirani mmoja wa Eyton alikuwa na fedha nyingi nyumbani. Akaenda na wenzake Jumapili, saa ya ibada ya asubuhi, nyuso zao zikiwa zimefunikwa. Wakamkuta mtumishi wa kike peke yake, akitengeneza jibini. Hugh alipoinama kumfunga, yule msichana akauona uso chini ya kinyago, akamwita mjomba na kumsihi asimwue. Hugh akamchinja. Wenzake wakatoweka kwa hofu wakakimbilia kanisani Baschurch. Yeye naye akatoka mbio bila kuchukua hata senti, akaufunga mlango, akafika kanisa la Petton akitiririka jasho, ibada ikikaribia kwisha. Lakini mbwa wake alikuwa amefungiwa ndani. Watu wa nyumba waliporudi walimkuta msichana amekufa na mbwa ameshiba jibini nusura apasuke. Wakamfuata mbwa, naye akawaongoza hadi mlangoni kwa bwana wake.

Mwanahistoria anayechota habari ataandika: mauaji, Eyton, mtuhumiwa alitiwa gerezani. Mhakiki anaona zaidi. Anaona kwamba kisa chote kimejengwa juu ya ibada ya Jumapili. Wizi unawezekana kwa sababu kila mtu yuko kitini pake. Muuaji anakimbilia kanisani kwa sababu kuonekana kanisani ndiko kujitetea. Na kinachomsaliti ni jasho, yaani dalili kwamba alichelewa. Katika kitabu kilichopangwa kwa viti, hapa pana mtu aliyekiacha kiti chake kikiwa tupu. Gough haitaji ishara hiyo hata kidogo. Haina haja ya kutajwa.

Ukoo huo huo una kisa cha pili, cha Thomas Elks wa Knockin. Kaka yake alikufa akaacha mtoto mdogo wa kiume, mrithi wa mali. Thomas alimtuma mtoto maskini amvutie mpwawe kondeni kuchuma maua, kisha akamchukua na kumzamisha kichwa katika ndoo ya maji aliyokuwa ameiandaa mwisho wa konde, mpaka akafa. Akakimbia kuelekea London. Majirani wawili wakamfuata. Karibu na South Mimms wakawaona kunguru wawili juu ya rundo la nyasi kavu, wakizinyofoa kwa midomo na kupiga kelele za ajabu. Wakaenda kutazama, wakamkuta Elks amelala ndani yake. Alikiri kwamba kunguru wale walikuwa wakimfuata tangu alipotenda tendo lile. Alinyongwa.

Motifu ya mnyama anayefichua mauaji imeenea mno katika fasihi simulizi za mataifa mengi, na msomaji mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama kunguru wa South Mimms hawakuruka kutoka katika hadithi ya kale wakatua kwenye kesi ya kweli. Tunakubali uwezekano huo. Lakini tazama tofauti ya visa hivi viwili. Mbwa wa Hugh ni mbwa tu: alikuwa na njaa, akala, akarudi nyumbani. Kunguru wa Thomas ni mkono wa Mungu. Gough anavisimulia kwa sauti moja, bila kupandisha wala kushusha, na katika akili yake hakuna mpaka baina ya ushahidi na majaliwa. Huo ni ushahidi wa kihistoria wa aina yake, kwani unatuonyesha jinsi karani mwerevu wa mwaka 1701, aliyezoea hati na mahakama, alivyoweza kuuona ulimwengu. Mtafiti anayemkata kunguru na kumbakiza mbwa amempoteza Gough.

Si kila kisa ni cha damu. Reece Wenlock, mwenye kibanda, alikuwa na mazoea ya kung'oa nyua za watu apate kuni. Alipojenga tanuri jipya, ambalo kwa desturi lilihitaji moto mkali wa kwanza, mtumishi mmoja mcheshi wa shamba jirani la Webscott alikisia kitakachotokea. Akachukua gogo kavu kutoka katika ua wa bwana wake, akalitoboa kwa keekee, akalijaza baruti, akaziba tundu kwa kigingi na kulirudisha pale pale. Usiku uliofuata paa la tanuri lilirushwa juu na pembe ya nyumba ikashika moto. Tunacheka, na Gough alitaka tucheke. Lakini chini ya kicheko pana vita vya kuni, baina ya wenye nyua na wasio na chochote cha kuchoma, katika parokia ambayo misitu yake ilikuwa imekatwa na kugeuzwa malisho. Mwandishi yuko upande wa wenye nyua.

Upande huo unamtoa vibaya mara nyingi anapoandika juu ya wanawake. Judith Downton, anasema, alikwenda kilabuni kila siku, na mumewe alilipa hata pauni 10 kwa mkupuo mmoja kufuta deni lake la pombe. Anaporudi kwa wanaume, mizani inainama upande mwingine: Thomas Hayward wa Balderton naye alishinda vilabuni, lakini msomaji anaambiwa kwamba nyumbani hakupata utulivu kwa sababu ya ulimi wa mkewe, kwa hiyo alikwenda nje kutafuta chakula tu. Mwanamke mlevi ameifilisi nyumba. Mwanamume mlevi amefukuzwa nyumbani. Uhakiki wa jinsia ungepata kazi nyingi katika kitabu hiki, na inashangaza kwamba bado watu wanakinukuu kama kwamba msimulizi wake hana jinsia.

Wasio na kiti

Udhaifu mkubwa wa umbo la viti unajionyesha wenyewe: asiye na kiti hasimuliwi, au anasimuliwa kwa kupita. Katika karne ya 17 wageni wengi maskini waliingia Myddle na parokia jirani, wakajenga vibanda pembezoni mwa misitu na ardhi ya pamoja. Wengine waliishi pangoni. Sheria ya makazi ya mwaka 1662 iliruhusu parokia kumrudisha mgeni mahali alikotoka iwapo ilihofiwa kwamba atakuja kuwa mzigo kwa kodi ya maskini. Gough anafungia kazi yake kwa maelezo ya kesi za namna hiyo, baina ya Myddle na parokia nyingine, juu ya nani awalishe maskini gani. Hapo ghafla mpangilio wa viti unatoweka na mahali pake panachukuliwa na mpangilio wa mashtaka. Lugha nayo inabadilika. Mzee anayecheka na kusikitika anageuka wakili wa walipa kodi, anahesabu ushindi na hasara, na familia iliyobebwa kutoka parokia moja hadi nyingine inakuwa tu sababu ya gharama.

Hatuna budi kuusoma mwisho huo pamoja na vilivyotangulia. Undugu wa viti, ambao baadhi ya wasomaji wa Gough wameupenda na kuuona kama kumbukumbu ya kijiji chenye upendo, ulisimama juu ya mlango uliofungwa. W. G. Hoskins, aliyeiasisi taaluma ya historia ya mahali katika chuo kikuu cha Leicester na aliyekithamini sana kitabu hiki, aliandika kwa uchungu juu ya kupotea kwa Uingereza ya wakulima. Uchungu wake tunauelewa. Lakini Gough mwenyewe haoni haya kutuonyesha wakulima hao wakishtakiana ili wasiwalishe maskini.

David Hey, katika utafiti wake wa Myddle uliochapishwa mwaka 1974, alichukua njia nyingine, nayo ndiyo iliyokuwa ya lazima. Aliyaweka masimulizi ya Gough kando ya madaftari ya kanisa, wasia na orodha za mali za marehemu, akakuta kwamba mzee yule, akitegemea sana kumbukumbu, hakukosea mara nyingi. Kwa msaada wa nyaraka hizo Hey aliweza pia kuwahesabu wale wa nyuma kabisa kanisani, ambao Gough aliwapa mistari michache. Kazi ya Hey ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo nayo inawapanga watu kwa tabaka, yaani mabwana, wakulima, mafundi, vibarua, mpangilio ambao Gough aliujua lakini hakuuchagua. Kiti kimoja kingeweza kubeba mtu na shemeji yake wa tabaka jingine, na ugomvi wao ndio ulikuwa habari.

Aibu za mababu

Gough alijua kwamba anacheza na moto. Watoto na wajukuu wa wezi, walevi na wazinzi wake walikuwa bado wamekaa katika viti vile vile. Anatoa utetezi wake karibu na mwisho: atakayemlaumu kwa kuyafichua maovu ya wazazi wake na ajihadhari asiishi hivyo mwenyewe, kwani hakuna alichokiandika kwa chuki. Anaongeza kwamba wengine wataona mengi hayana maana, ilhali yeye anaamini hakuna jambo dogo ambalo siku moja halitamfaa mtu fulani. Utetezi huo una pande mbili zisizokaa vizuri pamoja. Wa kwanza ni wa mhubiri: aibu inafundisha. Wa pili ni wa karani: hifadhi kila kitu, huwezi kujua kipi kitahitajika mahakamani. Tukilazimishwa kuchagua, tungemwamini karani. Mahubiri ya Gough ni ya kawaida. Kumbukumbu zake si za kawaida.

Kazi yake haikuchapwa alipokuwa hai. Toleo la kwanza, lisilo kamili, lilitolewa na Sir Thomas Phillipps mwaka 1834, na la pili, lililo kamili zaidi, lilitoka Shrewsbury mwaka 1875. Matoleo yaliyokisambaza kwa wasomaji wa kawaida ni ya nusu ya pili ya karne ya 20, mojawapo likiwa lile alilolihariri Hey mwaka 1981. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 ilipita kabla kitabu hakijawafikia wasiokuwa na jamaa ndani yake. Jambo hilo limembadilisha Gough bila yeye kujua. Aliwaandikia watu waliojua viti na ambao wangeweza kumwambia amekosea. Anasomwa na watu ambao majina hayawahusu, wanaotafuta vituko. Sauti ile ile iliyokuwa ushahidi imekuwa burudani. Mhakiki anayekusudia kumsoma kwa haki hana budi kujikumbusha kwamba hadhira iliyokusudiwa ilikuwa na uwezo wa kushtaki.

Watu ishirini

Tumeuacha kwa makusudi ukurasa mmoja wa sehemu ya kwanza ambao, kwa maoni yetu, ndio unaopima uzito wa yote tuliyoyasema. Vita baina ya Mfalme Charles I na Bunge vilipoanza mwaka 1642, Gough alikuwa mtoto. Anakumbuka akienda mlimani Myddle kutazama mkutano ambapo Sir Paul Harris, kwa amri ya mfalme, aliwaita wanaume wa sehemu zile, nao wakaahidiwa sarafu 14 za peni nne kwa wiki kwa kila atakayejiandikisha. Ulikuwa mshahara mkubwa kuliko wa kibarua wa shamba, na kwa macho ya mtoto lilikuwa tamasha.

Kisha mzee anahesabu. Kutoka Myddle, Marton na Newton peke yake, anasema, walikwenda wanaume wasiopungua 20, na kati yao 13 waliuawa. Hawahesabu kwa jumla. Anawataja mmoja mmoja, na kwa kila mmoja ana neno. Thomas Formeston wa Marton alikuwa kijana wa kutumainiwa. Richard Chaloner alikuwa mwana wa nje ya ndoa, aliyelelewa kwa sehemu na parokia. Alipokuwa kijana mkubwa alikwenda Shrewsbury, akaandikishwa, akapelekwa Edgehill, na hakusikika tena. William Preece, mzee wa pangoni aliyeitwa Scoggan, alikwenda pamoja na wanawe watatu: wawili waliuawa High Ercall, mmoja alinyongwa kwa kuiba farasi, na mzee mwenyewe akafa kitandani pake. Baada ya orodha Gough anafanya kitu ambacho hakifanyi kwingineko. Anatoka nje ya parokia. Ikiwa vitongoji vitatu vimepoteza wengi hivi, anauliza, ni maelfu mangapi waliokufa Uingereza nzima?

Hesabu hiyo ina upungufu wake, kwani vitongoji vitatu vya Shropshire haviwezi kuiwakilisha nchi. Lakini angalia inavyokwenda. Waandishi wakubwa wa vita hivyo walianza na mfalme, bunge na majenerali, na askari wa kawaida akatokea kama idadi. Gough anaanza na mtoto wa nje ya ndoa aliyelishwa na parokia, na idadi inakuja mwisho, ikiwa swali. Tena Chaloner na watu wa pangoni ni wale wale ambao kwenye viti wangesukumwa nyuma au kuachwa nje. Vita viliwapa nafasi katika kitabu ambayo kanisa halikuwapa.

Kwa upande wa Bunge, anasema, walikwenda wachache tu, na hamjui yeyote kati yao aliyeuawa. Mmoja alijeruhiwa: John Mould wa Myddle Wood, mtu mfupi mwenye sura nzuri na askari jasiri, ambaye risasi ilimpitia mguuni ikavunja mfupa mkubwa. Mguu uliungwa, lakini ukapinda, naye Gough akauona umepinda hivyo maisha yote ya yule mtu.